Mzee Pipon Atafuta Chumba

Jumanne ya tarehe tisa Julai, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Loretta Okemow alikuwa akimjazia fomu mzee mmoja aliyeshuka na basi la kaskazini. Joto la Winnipeg, Kanada, siku hiyo lilikuwa nyuzi thelathini na nne, na feni ya Kituo cha Urafiki, kinachowasaidia wenyeji wa asili wanaofika mjini, ilikuwa imezoea kupuliza upande mmoja tu, upande wa ukuta.

"Jina?"

"Pipon."

"Hilo la kwanza au la ukoo, babu?"

"Hilo hilo."

Kwa Kikrii, lugha ya wenyeji wa kaskazini, neno hilo maana yake ni majira ya baridi. Loretta alikwisha kuwahudumia watu wa ukoo wa Radi na wa ukoo wa Mbweha, kwa hiyo aliandika tu.

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Mzee alifikiri. "Bata bukini wakishaondoka wote."

Loretta aliandika tarehe mosi Novemba, 1940, kwa sababu ukimtazama mzee kutoka mlangoni alionekana wa umri huo. Alikuwa mrefu kiasi kwamba wakati wa kuingia aliinama, na nyusi zake zilikuwa nyeupe na ngumu kama burashi ya viatu.

"Sababu ya kuja mjini?"

"Goti," alisema mzee, akalipiga kofi. "Nimengoja miadi ya daktari bingwa miaka minne. Wamenipa tarehe kumi na nne Agosti."

"Wengi wanaomba ya Januari, barabara za barafu juu ya mito na maziwa zikiwa zinapitika."

"Januari nina kazi."

Kikombe cha chai alichopewa kilikuwa kimeganda. Fomu ilikuwa imenata mezani kwa sakitu, na Loretta aliibandua taratibu asiichane, kisha akasogeza kiti chake karibu na mzee kwa sababu ya joto. Kwenye sehemu iliyoandikwa "mahitaji maalumu" alijaza: chumba chenye ubaridi, ghorofa ya chini, si mbali na kituo cha basi. Halafu akachukua simu.

Loretta alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili wenzake waliiita sauti ya simu, na aliipata mashambani huko kusini, kwa akina Oakes, familia ya Wazungu. Watu wa ustawi wa jamii walimpeleka huko akiwa na miaka mitatu, baada ya kumchukua kwa mama yake kwa gari la rangi ya maziwa. Alirudi mjini akiwa na miaka kumi na tisa. Mama yake alikuwa amekwisha kufa. Kikrii chenyewe kilimtoka mdomoni zamani, na alichobakiwa nacho ni sauti hiyo, ambayo mwenye nyumba yeyote akiisikia huona nywele za njano na mbwa mdogo aliyechanjwa.

"Chumba kipo," alisema Bw. Dennis Kozak, mwenye ghorofa ya matofali iliyotazamana na Kituo, ng'ambo ya barabara. "Cha chini, kizuri, kina ubaridi wa kiasi. Ni cha nani, mama?"

"Mzee mmoja mtulivu. Hanywi, hapigi muziki."

"Mlete hata sasa hivi."

Walivuka barabara. Bw. Kozak alifungua mlango akiwa na funguo mkononi na tabasamu usoni. Alimtazama Mzee Pipon, akamtazama Loretta, akamtazama tena Mzee Pipon, na zile funguo zikarudi mfukoni zenyewe.

"Aa," alisema. "Mmechelewa kidogo. Kimeshachukuliwa."

"Lini?"

"Sasa hivi."

"Ni dakika nne tangu tuongee."

"Ndiyo. Watu wana haraka siku hizi."

Kibao cha "chumba kinapangishwa" kilikuwa dirishani, usawa wa bega lake. Loretta alikitazama, naye Bw. Kozak akakitazama, na wote wawili wakakiacha hapo kilipo. Mzee Pipon alishukuru kwa adabu. Mahali aliposimama pakabaki alama mbili za miguu, nyeupe, ambazo hazikuyeyuka mpaka Alhamisi.

Wiki hiyo walizunguka nyumba kumi na saba. Kumi na sita zilikuwa zimechukuliwa muda mfupi kabla hawajafika. Ya kumi na saba, mwenyewe alisema wazi kwamba hapangishi watu wa kaskazini, na Loretta alimshukuru kwa kutowapotezea muda.

Kwa siku zile mzee alilala Kituoni, kwenye stoo ya jikoni. Gerald Flett, mpishi, hakuwa na neno. Friji kubwa ilikuwa imeharibika tangu Mei, na sasa nyama ya mawindo na samaki vilitulia vizuri kabisa kando ya mgeni wake.

"Babu, ukigeukia ukutani, nakuomba usiyapumulie mayai," alimwambia. "Jana yamepasuka yote."

"Samahani. Niliota."

Mchana mzee alikaa uani kwenye kiti cha plastiki. Siku ya pili theluji ilianza kumzunguka, kidogo kidogo, kama unga unapochekechwa. Siku ya tano ilikuwa imejaa ua mzima, imefika vifundoni, laini na kavu. Nje ya uzio watu walikuwa wakitembea na kaptula. Wanawake wa darasa la kutunga shanga walileta makoti yao na kuhamia uani, maana ndani shanga ziliteleza kwenye vidole vyenye jasho. Jambo moja tu lilimsumbua Loretta. Mzee alikuwa akipungua. Siku ya kwanza aliinama mlangoni. Siku ya tano alipita amesimama wima, na kofia juu.

"Ni hili joto lenu," alisema alipoulizwa. "Usihofu. Hadi tarehe kumi na nne nitabaki wa kutosha goti kuonekana."

Siku ya sita alikuja Bibi Agathe Beardy.

Bibi Agathe alikuwa na miaka themanini na mmoja, na ndiye aliyefundisha Kikrii pale Kituoni, kila Jumatatu, kwa watu wazima ambao wengi walikuwa kama Loretta. Moyo wake ulikuwa umechoka. Mwezi Juni daktari alimwambia kwamba hataiona theluji ya mwaka huo. Bibi alimwuliza kama ana uhakika, daktari akasema ana uhakika, naye bibi akaenda zake kucheza bingo. Lakini habari hiyo ilimkaa rohoni kuliko alivyoonyesha. Zipo hadithi ambazo watu wake huzisimulia theluji ikiwa chini tu, na kiangazi hawazigusi kabisa. Bibi Agathe alikuwa nazo nyingi. Kila mwaka alisema mwaka huu ataanza, na kila mwaka ulikuja msiba, au mafua, au mjukuu wa mtu anahamishwa, na majira yakapita. Sasa alikuwa amehesabiwa miezi, na yote ilikuwa ya jua.

Alisimama kwenye mlango wa uani, akaitazama theluji, akamtazama aliyekaa katikati yake.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi," alisema Mzee Pipon.

"Wewe ndiye uliyenivunja nyonga mwaka wa tisini na saba."

"Ulivaa viatu vya kanisani."

"Nilikuwa naenda kanisani!"

"Kwenye barafu ile? Mimi nilijua unaenda kudansi."

Bibi Agathe alicheka hadi akalazimika kushika fremu ya mlango. Halafu alivua kiatu kimoja, akaikanyaga theluji kwa soksi, akasimama hivyo kwa muda. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Loretta, mwanangu. Hii hapa chini ni nini?"

"Theluji, bibi."

"Sema kwa sauti, wote wasikie."

"Theluji!"

"Haya. Mashahidi mpo. Leteni blanketi. Na chai iwe ya moto kweli, msiniletee yale maji ya Gerald."

"Nimekusikia!" Gerald alifoka kutoka jikoni.

Bibi Agathe alianza kusimulia siku hiyo hiyo saa tisa mchana. Wakaja watoto, wakaja mama zao, wakaja vijana waliokuwa wanapita tu na mpira wa kikapu, wakakaa kwenye mablanketi wakiwa na kofia za sufu, na pumzi zao zikionekana. Hadithi zenyewe haziandikwi hapa, kwa sababu msimulizi hana njia ya kujua kama huko uliko theluji iko chini, na kwa wasomaji wengi wa lugha hii hata dalili hakuna. Inatosha kusema kwamba watu walicheka mahali pa kucheka, na mahali pamoja watoto walishikana mikono bila kuambiwa.

Loretta alikaa mwisho, karibu na uzio. Alikuwa na miaka arobaini na saba na hakuwahi kuzisikia. Kule kwa akina Oakes alisomewa hadithi za sungura waliovaa makoti. Siku ya kwanza alisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Siku ya pili alijikuta anajua, kabla halijasemwa, neno la Kikrii litakalofuata, na hakuweza kueleza lilitoka wapi, na alilazimika kwenda chooni kunawa uso.

"Macho yamepatwa na baridi?" Bibi Agathe alimwuliza aliporudi.

"Ndiyo, bibi."

"Huwa yanapatwa. Kaa mbele leo."

Siku ya tatu ya hadithi alikuja mkaguzi wa manispaa, Bw. Fairley. Alikuwa kijana mpole, mwenye mkoba. Alipita uani, akakung'uta viatu, akamwandikia Loretta karatasi mbili. Ya kwanza ilisema jengo lile lina kibali cha shughuli za mchana, na mtu yeyote kulala stoo ni kosa. Ya pili ilisema njia ya waenda kwa miguu mbele ya jengo ina theluji ambayo haijazolewa kwa saa arobaini na nane.

"Ni Julai," alisema Loretta.

"Nimeangalia," alisema Bw. Fairley. "Sheria haitaji mwezi."

"Na feni yetu, na friji yetu, ambazo tumeziombea matengenezo tangu mwaka juzi?"

"Hiyo ni ofisi nyingine, dada. Mimi ni wa theluji na wa kulala."

Alikubali kikombe cha chai, akasikiliza nusu ya hadithi moja, akaomba radhi na kuondoka. Gerald alichukua koleo akazoa njia, huku mtu aliyekuwa akipita na aiskrimu akimpisha.

Kuanzia siku hiyo Mzee Pipon alilala nyumbani kwa Loretta, ndani ya beseni la kuogea. Mkataba wa Loretta uliruhusu mgeni kwa siku tatu, kwa hiyo kila siku ya nne mzee alitoka nje, akabisha hodi, akakaribishwa upya. Loretta alioga kwa kopo, jikoni. Asubuhi alimpima mzee kwenye fremu ya mlango kwa penseli, kama mtoto anayekua, ila alama zilishuka.

Mwisho wa mwezi joto lilifika thelathini na nane. Ghorofa ya Bw. Kozak, ya matofali, ilikuwa ya moto kama tanuri la mkate. Wapangaji wake walilala kwenye ngazi. Jumatano moja, saa sita mchana, Bw. Kozak mwenyewe alivuka barabara, akaingia uani, akasimama katikati ya theluji, akafumba macho. Alikaa hivyo dakika nzima. Hakuna aliyemsumbua, mtu mwenye joto ni mtu mwenye joto.

"Ninafikiri tunaweza kusaidiana," alisema alipofumbua macho. Aliongea na Loretta, kidole kikimwelekea mzee. "Huyu awe anakuja kwangu. Akae kule chini kwenye mitambo. Ubaridi upande juu kwa mabomba."

Loretta alisimama. "Kwa hiyo chumba kimepatikana."

"Chumba? Hapana, mama. Mchana tu. Saa mbili hadi saa kumi na moja."

"Na usiku?"

"Usiku arudi kwao."

"Kwao ni wapi, Bw. Kozak?"

Bw. Kozak alitazama huku na huko uani, kama vile jibu lingekuwa limewekwa mahali. "Sikilizeni, sina neno na theluji. Theluji ni kitu kizuri. Lakini wapangaji wangu ni watu wa aina fulani. Mnanielewa."

"Tunakuelewa vizuri sana," alisema Bibi Agathe. "Unataka maziwa, ng'ombe akalale barabarani."

Loretta alikuwa amekwisha kufungua mdomo, na kilichokuwa kinakuja hakikuwa cha sauti ya simu. Mzee Pipon akamtangulia.

"Nitakuja," alisema.

"Babu!"

"Nitakuja, binti. Mtu ameniomba vizuri. Anataka nikae, nitakaa."

Bibi Agathe alimtazama mzee kwa jicho la pembeni, halafu akainama ghafla juu ya shanga zake. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mzee alikwenda Alhamisi, akaenda Ijumaa. Ghorofa ikapoa. Wapangaji wakarudi vitandani, na mama mmoja wa ghorofa ya tatu alimshushia biskuti kwenye sahani. Saa kumi na moja kamili Bw. Kozak alikuja kumwonyesha mlango, akiwa amevaa sweta. Jumamosi saa nne asubuhi mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na mitambo, akasinzia kidogo kwa sababu ya goti, na madirisha ya ghorofa yakaanza kuganda.

Hayakuganda yote. Yale ya wapangaji yalibaki wazi, na ungeweza kuona mapazia, paka, mtungi wa maua. Yaliyoganda yalikuwa tisa. Yaliziba kwa sakitu nene, nyeupe, yenye michoro ya majani, na kwenye ukuta ule mwekundu yaling'aa kama meno. Gerald ndiye aliyeyaona kwanza, alipotoka kumwaga maji. Alisimama na ndoo mkononi.

"Loretta! Njoo uone. Jamaa ana vyumba tisa vitupu."

Watu wakatoka Kituoni, wakasimama kando ya barabara wakihesabu. Wengi wao walikwisha kubisha kwenye mlango ule. Leona Wastesicoot alikuwa amebisha Machi, akiwa na mimba ya miezi minane. Sasa alikuwa na mtoto mgongoni, na wote wawili walilala kwenye kochi la dada yake. Alihesabu kwa kidole, polepole, akarudia.

"Kile cha pili kutoka kona kina jua la asubuhi," alisema.

Kufikia mchana haikuwa ghorofa ya Bw. Kozak peke yake. Barabara nzima ilikuwa na madirisha meupe, na mtaa wa nyuma, na kule ng'ambo ya reli. Loretta alichukua daftari, akavaa kofia ya jua, akatembea hadi saa kumi na mbili jioni akiandika anwani. Alipata vyumba mia mbili na kumi na vinne. Vingi alivijua. Alikuwa amevipigia simu.

Bw. Kozak alitumia siku ya Jumapili kununua mapazia. Jumatatu Leona alikwenda kugonga, Loretta akiwa kando yake.

"Vimechukuliwa," alisema Bw. Kozak.

"Vyote tisa?"

"Vyote."

"Na nani?" aliuliza Loretta. "Nakuona umevitundikia mapazia tu."

"Wapangaji huanza na mapazia," alisema Bw. Kozak, akafunga. Mchana huo alituma ujumbe kwamba Mzee Pipon asije tena, kwa sababu ubaridi wake si wa kuaminika.

Loretta aliandika barua, akaambatisha orodha na picha, akaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya malalamiko ya nyumba. Ofisini walimpokea vizuri. Afisa alisoma kurasa zote, akisema "Ee" na "Naona" mahali panapostahili. Jibu lilikuja baada ya siku tatu. Ilielezwa kwamba sakitu haimo katika vielelezo vinavyokubalika, kwamba hata hivyo imekwisha kuyeyuka, na kwamba walalamikaji wote, kila mmoja kwa jina lake, wanaweza kufungua shauri, nalo lingesikilizwa katika muda wa miezi kumi na minane. Loretta alisoma barua hiyo kwa sauti uani. Bibi Agathe aliomba asomewe tena ile sehemu ya sakitu.

"Wanaandika vizuri," alisema. "Haya, kaeni. Tulifika wapi?"

Zilibaki hadithi tano, na bibi sasa alisimulia akiwa ameegemea mto, akipumzika katikati ya sentensi. Wakati mwingine Loretta ndiye aliyemaliza sentensi, na bibi hakumsahihisha. Tarehe kumi na tatu Agosti alifika mwisho wa ya mwisho. Alikunywa chai yake yote, akageuza kikombe.

"Basi," alisema. "Sasa nimekuwa mtupu kama gunia. Nani anakwenda bingo?"

Kesho yake Loretta alimpeleka Mzee Pipon hospitali. Mzee alikuwa amebaki wa kimo cha bega lake, na koti lilimburuza. Mhudumu wa mapokezi aliuliza kama amekunywa. Mzee akasema chai. Mhudumu akauliza tena, sasa akimtazama Loretta. Loretta alijibu kwa sauti ya simu, mhudumu akatabasamu kumtafuta aliyesema, asimwone, akarudi kwenye kompyuta yake. Halafu akasema kuna tatizo. Rekodi zinaonyesha mgonjwa mwenye urefu wa futi sita na inchi saba, na aliyepo hapa ni mwingine. Itabidi miadi ipangwe upya.

"Lini?" aliuliza Loretta.

"Tarehe kumi na mbili Januari."

"Januari nina kazi," alisema Mzee Pipon.

"Wote tuna kazi, mzee," alisema mhudumu.

Basi la kaskazini lingeondoka saa saba na nusu. Walikaa kwenye benchi wakilingoja. Kwa miaka kumi na moja Loretta alikuwa ameongozana na watu hadi kwenye milango, na milango mingi ilikuwa imefungwa, lakini hakuwahi kumrudisha mtu kwao akiwa nusu ya alivyokuja.

"Nisamehe, babu."

"Kwa lipi?"

"Chumba hujapata. Goti halijaangaliwa."

"Nimelala kwenye beseni zuri," alisema mzee. "Na nikifika Thompson, kule kaskazini, nitaanza kurudi mwili. Oktoba hutanijua." Alilinyoosha goti lake, likalia kama ubao.

"Yale madirisha," alisema Loretta. "Ulifanya makusudi?"

"Mimi huganda palipo patupu. Penye watu pana pumzi, nashindwa." Akamtazama chini ya zile nyusi. "Ila ni kweli sikujizuia."

Dereva alipomwona akipanda alizima kiyoyozi. Mzee alikaa dirishani, na kioo chake kikafifia kwa weupe kabla basi halijatoka. Uani Kituoni theluji ilidumu siku mbili zaidi, ikawa tope, na tope likakauka.

Bibi Agathe alifariki Jumapili ya tarehe ishirini na mbili Septemba, baada ya chakula cha mchana, akiwa ametoka kumlalamikia Gerald kuhusu supu. Gerald alipika siku nne kwa ajili ya msiba na hakuweka chumvi kidogo mno wala nyingi mno. Loretta alikaa na maiti pamoja na wengine. Alijikuta anazirudia hadithi kichwani, moja baada ya nyingine, mdomo umefungwa, kwa sababu nje jua lilikuwa linawaka.

Theluji ilianguka tarehe kumi Oktoba. Ilianguka mjini kote, juu ya Kituo, juu ya hospitali, juu ya ofisi ya malalamiko na ghorofa ya Bw. Kozak, bila upendeleo, tena nyingi. Aliyeileta alikuwa amerudi mwili kweli kweli. Asubuhi ile alikuwa ameshuka na basi mwanamke aitwaye Ruby Ouskan, kutoka kijiji kilichohamishwa kwa sababu ya moto wa msitu, na watoto watatu. Loretta alipiga simu, akapata ndiyo nne, wakazunguka na watoto katika theluji hadi magotini, na kote kulikuwa kumechukuliwa. Mwenye nyumba wa nne aliegemea mlango, akajikunyata.

"Baridi hii ya mwaka huu imetoka wapi?" alisema.

"Kaskazini," alisema Loretta. "Inatafuta chumba."

"Hapa hapana," alisema mwenye nyumba, akasukuma mlango.

Walirudi Kituoni saa kumi jioni. Gerald aliwapa supu. Watoto wa Ruby waliweka soksi zao kwenye bomba la joto, na mvuke ukapanda. Hakuna aliyejua bado watalala wapi, na ile karatasi ya Bw. Fairley ilikuwa ukutani, imebandikwa kwa pini nne. Watoto wa mtaani walikuwa wameanza kuingia wawili watatu, wakikung'uta viatu. Hawakuambiwa waje. Walikaa sakafuni, wakamtazama Loretta, wakangoja.

"Mnataka nini?" aliuliza.

"Iko chini," alisema msichana mmoja, akionyesha dirisha.

Loretta alifunga mlango wa ofisi. Alikwenda uani, akavua kiatu, akakanyaga kuhakikisha, akarudi na soksi iliyolowa. Ruby Ouskan alisogea ampishe nafasi. Kisha Loretta akaketi kati yao, akasafisha koo, akaanza kwa Kikrii, kwa sauti yake mwenyewe, akakosea neno la tatu, akalirudia.